Utafiti wa Tiba Una Thamani Gani? Somo kwa Mtumiaji wa Huduma za Afya



Mkazi wa Mwanza, wa Magu, wa Sengerema au wa visiwa vya Ukerewe hashangai tena anapofikiwa nyumbani au zahanatini na watu wanaomwomba ashiriki katika utafiti wa afya. Kwa zaidi ya miaka 30 kingo hizi za Ziwa Victoria zimekuwa mahali pa tafiti nyingi za tiba na chanjo. Wapo wanaokubali kwa moyo wa kusaidia, na wapo wanaokataa kwa hofu. Ni wachache wanaouliza swali la msingi: jibu la utafiti huu, likishapatikana, litabadili nini?

Swali hilo ni haki ya kila mtumiaji wa huduma za afya. Utafiti hugharimiwa kwa fedha za umma au za wafadhili, ambazo zingeweza kununua dawa. Huchukua muda wa wauguzi na madaktari, na hutumia damu na subira ya washiriki. Kitu chenye gharama kama hiyo hakina budi kupimwa thamani yake kabla ya kununuliwa, kama tunavyopima thamani ya bidhaa nyingine yoyote.

Wataalamu wa uchumi wa afya wanayo njia ya kufanya kipimo hicho. Huiita uchambuzi wa thamani ya taarifa. Misingi yake iliandikwa na Howard Raiffa na Robert Schlaifer wa Chuo Kikuu cha Harvard katika kitabu chao cha mwaka 1961, na tangu miaka ya 1990 wachumi wa afya, akiwemo Karl Claxton wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, wameiingiza katika mambo ya tiba. Jina lake ni zito, lakini hesabu yenyewe hufanywa kila siku na wafanyabiashara wetu. Tuanze nayo sokoni.

1. Habari ya soko la mbali

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ana magunia ya dagaa katika Soko la Mwaloni, Kirumba. Akiyauza hapo hapo atapata faida ya shilingi 100,000 bila wasiwasi. Akiyapeleka soko la mbali, mambo ni mawili: wanunuzi wakiwepo atapata faida ya 200,000, wasipokuwepo atapata hasara ya 50,000. Uzoefu wake unamwambia kwamba safari moja kati ya mbili hukuta wanunuzi.

Akisafirisha kila mara, wastani wa faida yake utakuwa 75,000 kwa safari. Hivyo basi, asipokuwa na habari yoyote, ni heri auze Mwaloni na kupata 100,000 zake.

Sasa tuseme yupo mtu anayeweza kumpa habari za kweli za soko la mbali kabla hajapakia mzigo. Habari ikiwa njema, atasafirisha na kupata 200,000. Ikiwa mbaya, atauza Mwaloni na kupata 100,000. Wastani wake utapanda hadi 150,000. Tofauti ya 50,000 ndiyo thamani ya habari hiyo. Akidaiwa zaidi ya kiasi hicho, akatae.

Mfano huu unatufundisha mambo matatu.

Kwanza, habari ina thamani pale tu inapoweza kubadili uamuzi. Kama bei ya Mwaloni ingempa faida ya 250,000, mama huyu angeuza hapo hapo kwa vyovyote vile. Habari za soko la mbali zingekuwa za kweli na za kuvutia, lakini kwake zisingekuwa na thamani hata ya senti moja.

Pili, habari isiyo ya uhakika ina thamani pungufu. Mjumbe anayepatia mara 8 kati ya 10 atampandishia mama huyu wastani hadi 125,000, yaani thamani yake ni 25,000 tu. Mjumbe anayepatia mara 6 kati ya 10 hamwongezei chochote: hasara za safari zilizokosewa humeza faida yote ya zile zilizopatiwa. Ndivyo ulivyo utafiti wa watu wachache mno. Unaonekana wa bei nafuu, kumbe ni fedha iliyopotea.

Tatu, kuongeza uhakika kuna kikomo chake. Mjumbe anayepatia mara 9 kati ya 10 ana thamani ya 37,500. Ni bora kuliko yule wa mara 8, lakini ubora huo ni wa 12,500 tu. Akidai nyongeza ya 20,000, mama atafanya vyema kubaki na mjumbe wa kwanza. Vivyo hivyo, utafiti wa watu 10,000 si lazima uwe na manufaa kuliko wa watu 1,000. Inategemea ni nini kitakachoongezeka katika ubora wa uamuzi.

2. Kutoka sokoni hadi hospitalini

Tukiihamishia hesabu hii katika tiba, thamani ya utafiti hutegemea mambo manne: kuna shaka kiasi gani kuhusu tiba ipi ni bora; kukosea kunagharimu nini, kwa maisha ya watu na kwa fedha; watu wangapi wataguswa na uamuzi huo na kwa miaka mingapi; na utafiti wenyewe utagharimu nini na kuchukua muda gani. Shaka ikiwa kubwa, kukosea kukiwa ghali na wahusika wakiwa wengi, utafiti una thamani kubwa. Moja ya mambo hayo likikosekana kabisa, thamani hutoweka.

Hapa chini tunaeleza tafiti tatu zilizofanyika Mwanza. Hatusemi kwamba waliozibuni walipiga hesabu hii kwa jina lake. Tunazitumia kwa sababu zinaonyesha wazi taarifa inavyopata thamani, au inavyotuepusha na hasara.

3. Zahanati za kawaida na VVU, 1991 hadi 1994

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dawa za kufubaza VVU hazikuwa zimewafikia wananchi wetu. Ilifahamika kwamba mtu mwenye vidonda au usaha wa magonjwa ya ngono huambukizwa na huambukiza VVU kwa urahisi zaidi. Lisilofahamika ni hili: je, tukiboresha tiba ya magonjwa hayo katika zahanati za kawaida, maambukizi mapya ya VVU yatapungua katika jamii nzima? Serikali na wafadhili walikuwa na uamuzi mezani, nao ulihusu fedha za dawa na mafunzo ya watumishi.

Watafiti walichagua jamii 12 za mkoani Mwanza na kuzipanga katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja iliteuliwa kwa bahati nasibu ili ipate watumishi waliofunzwa, dawa za kutosha na usimamizi wa karibu. Katika kila jamii waliwafuatilia watu wazima wapatao 1,000 kwa miaka miwili. Katika jamii zilizoboreshewa huduma, watu 1.2 kati ya kila 100 walipata maambukizi mapya. Katika zile nyingine, watu 1.9. Baada ya kuzingatia tofauti nyingine baina ya jamii hizo, upungufu ulikuwa wa takriban asilimia 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995, na hesabu iliyofuata ilionyesha kwamba kuzuia ambukizo moja kuligharimu takriban dola 218 za Marekani. Uamuzi uliokuwa na shaka ukapata msingi.

Lakini somo haliishii hapo. Ng'ambo ya ziwa, wilayani Rakai nchini Uganda, utafiti mwingine uliwapa watu wote dawa za magonjwa ya ngono kila baada ya miezi 10. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1999, hayakuonyesha upungufu wa maambukizi ya VVU. Njia ya utoaji wa tiba ilikuwa tofauti. Zaidi ya hayo, Rakai ilikuwa na maambukizi makubwa zaidi, takriban watu wazima 16 kati ya 100, ilhali vijiji vya Mwanza vilikuwa na takriban 4. Hivyo basi, taarifa iliyo sahihi mahali pamoja haihami na thamani yake yote. Anayeambiwa kwamba jambo fulani limethibitishwa ana haki ya kuuliza: limethibitishwa wapi, na kwa watu wanaofanana nasi kiasi gani?

4. Jeli iliyoleta matumaini

Mfano wa pili ni wa jeli iliyoitwa PRO 2000, iliyotarajiwa kumkinga mwanamke dhidi ya VVU. Mwezi Februari 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake wapatao 3,100 nchini Marekani na katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Katika kundi lililotumia jeli hiyo walioambukizwa walikuwa 36. Katika kundi lililotumia jeli isiyo na dawa walikuwa 51. Kwa macho ya kawaida upungufu huo ni mkubwa. Kwa kipimo cha takwimu, tofauti hiyo ingeweza kuletwa na bahati tu.

Hapo palikuwa na uamuzi mgumu. Kuisambaza jeli mara moja kungewapa wanawake kinga miezi mingi mapema, kama kweli ilifanya kazi. Kama haikufanya kazi, wanawake wangeitegemea ngao isiyokuwepo, na huenda baadhi yao wangeacha kusisitiza kondomu. Shaka ilikuwa kubwa, kukosea kulikuwa ghali, na wahusika walikuwa mamilioni. Kwa kipimo chetu, taarifa ya nyongeza ilikuwa na thamani kubwa mno.

Kwa bahati njema utafiti mkubwa zaidi ulikuwa tayari unaendelea. Ulihusisha wanawake 9,385 wa Afrika Kusini, Tanzania, Uganda na Zambia. Kwa upande wa Tanzania kituo kilikuwa Mwanza, na walioshiriki walikuwa wanawake wafanyao kazi katika baa, nyumba za wageni na biashara ya vyakula. Jibu lilitangazwa Desemba 2009: walioambukizwa walikuwa 130 katika kundi la jeli na 123 katika kundi la jeli isiyo na dawa, makundi hayo yakiwa yanakaribia kulingana kwa ukubwa. Jeli haikukinga.

Wengi waliyaona matokeo hayo kuwa ni kushindwa. Sisi tunamwomba msomaji ayatazame kwa jicho la yule mama wa Mwaloni. Habari kwamba soko la mbali halina wanunuzi si habari ya kupendeza, lakini imemwokolea mzigo. Wanawake wa Mwanza waliotoa muda wao walisaidia kuzuia bidhaa isiyofaa isiingie mikononi mwa dada zao.

5. Dozi moja au mbili?

Mfano wa tatu unamhusu kila mzazi mwenye binti. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuua wanawake wenye saratani nchini Tanzania. Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 huugua kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufariki. Husababishwa na virusi vya HPV, na chanjo yake ipo. Taifa letu lilianza kuitoa nchi nzima mwezi Aprili 2018, kwa dozi mbili, kwa wasichana wa miaka 14.

Swali lilikuwa moja: je, dozi moja ingetosha? Jibu la ndiyo lingemaanisha kwamba kasha lile lile la chanjo linakinga wasichana mara mbili, na muuguzi hahitaji kumtafuta tena mtoto aliyekwisha hama shule. Jibu la hapana lingemaanisha kwamba watoto wanaoachwa na dozi moja wanabaki hatarini bila kujua.

Kutoka Costa Rica na India kulikuwa na dalili kwamba wanawake waliopata dozi moja tu walikingwa vyema. Lakini je, ingekuwa hivyo kwa watoto wa kanda ya ziwa, ambako malaria, minyoo na kichocho huweza kuathiri namna mwili unavyoitikia chanjo? Shaka hiyo ndiyo iliyoupa utafiti wa hapa thamani yake.

Utafiti huo, uitwao DoRIS, ulianza Mwanza mwaka 2017 chini ya kituo cha MITU, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wabia wengine. Uliwashirikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 6 ya wasichana 155: chanjo za aina mbili, kila moja kwa dozi moja, mbili au tatu.

Msomaji azingatie ulivyobuniwa. Saratani hii huchukua miaka mingi kujitokeza. Utafiti wa kuisubiri ungehitaji maelfu ya wasichana na miongo kadhaa, na jibu lingefika wakati kizazi kizima kimekwisha pita. Badala yake watafiti walipima kingamwili katika damu na kuzilinganisha na zile za wanawake wa Costa Rica na India waliokwisha onekana kukingwa na dozi moja. Hawakununua taarifa yote iliyowezekana. Walinunua ile iliyotosha kuamua.

Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2022. Wasichana waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili chache kuliko waliopata mbili au tatu, lakini karibu wote walikuwa nazo, na kiwango chao hakikuwa chini ya kile cha wanawake waliolinganishwa nao. Mwaka huo huo utafiti wa Kenya uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Utafiti mmoja ulipima kingamwili, mwingine ukapima maambukizi yenyewe, na kila mmoja uliziba pengo la mwenzake.

Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja. Aprili 2024 Tanzania iliacha dozi mbili na kuanza kutoa moja, ikiwalenga wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Huo ndio mfano wa taarifa iliyobadili uamuzi.

6. Tahadhari

Hesabu ya thamani ni taa ya kutuongoza, nayo haimulikii kila kona. Inaelekea kupendelea magonjwa ya wengi, na mgonjwa wa ugonjwa adimu naye ni mtu mwenye haki. Aidha, hakuna thamani, hata iwe kubwa kiasi gani, inayoruhusu mtu kushirikishwa bila ridhaa yake au kudanganywa. Hesabu hutusaidia kuchagua maswali. Haki za mshiriki hazimo katika mizani hiyo.

7. Mtumiaji aulize nini?

Unapoombwa kushiriki katika utafiti, au unapoombwa ridhaa kwa ajili ya mwanao, uliza maswali yafuatayo na usubiri majibu kwa Kiswahili unachokielewa:

1. Utafiti huu utasaidia uamuzi gani, na ni nani atakayeuamua?
2. Jibu likiwa ndiyo kitafanyika nini, na likiwa hapana kitafanyika nini? Kama hatua ni ile ile kwa majibu yote mawili, omba maelezo zaidi.
3. Swali hili limekwisha kujibiwa kwingine? Kama ndiyo, kwa nini tunaulizwa tena hapa?
4. Idadi ya washiriki inatosha kutoa jibu la kutegemewa?
5. Mimi nitapata nini, nitahatarisha nini, na nikidhurika nani atagharimia matibabu?
6. Je, utafiti una kibali cha maadili, na kama unahusu dawa au chanjo, una kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?
7. Tutaletewa matokeo lini, na kwa njia gani, hata kama si mazuri?

Kumbuka kwamba kushiriki ni hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila kunyimwa huduma yako ya kawaida. Mtoto aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, naye mwenyewe aulizwe kwa kadiri ya umri wake. Ichukue nakala ya fomu ya ridhaa na kuihifadhi. Ndani yake pawe na jina na simu ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyotoa kibali. Usiporidhika na majibu ya mtafiti, wasiliana na kamati hiyo.

Mama wa Mwaloni hanunui habari asiyoihitaji, wala haachi kununua ile itakayookoa mzigo wake. Tunamsihi kila mtumiaji aupime utafiti kwa mizani hiyo hiyo. Swali la kwanza katika orodha yetu lisipopata jibu, zuia sahihi yako mpaka lipate.